Kulipa kwa Mwaka au kwa Usiku? Kisa cha Wanaolala Barabarani, Kutoka Hongo Hadi Malaba

Najua nimekuwa kimya kwa muda, na wawili watatu mmeniandikia kuuliza kama nimeacha kublogu. Sijaacha. Kazi ilinibana, halafu nikaenda nyumbani Sigalame kwa siku kadhaa, mahali ambapo mtandao huja na kuondoka upendavyo. Makala haya yalizaliwa huko, na ni marefu kuliko kawaida yangu, kwa hiyo vuta kiti.

Ilikuwa hivi. Mjomba wangu ni dereva wa trela. Amekwenda Mombasa na Kampala zaidi ya miaka ishirini, mara nyingine mpaka Juba. Sasa mgongo unamwambia inatosha. Ana akiba kidogo, na ameona kiwanja upande wa Malaba ambapo anataka kufungua yadi ya kuegesha malori: ua, taa, choo safi, maji ya kuoga, mama wa chakula pale langoni. Mpaka hapo sina neno. Tatizo lilianza binamu yetu aliye Marekani alipomtumia video ya wazee wa huko waliouza nyumba zao wakahamia kwenye magari makubwa yenye kitanda, jiko na choo ndani. Wanaishi humo mwaka mzima, wakizunguka kutoka kambi moja hadi nyingine, na mfukoni wana kadi za uanachama. Wanalipa mara moja kwa mwaka, basi, kila kambi ya chama ni kwao.

"Kijana, hizo kadi ndizo ninazotaka," akaniambia. "Sisi madereva tunaishi ndani ya gari kuwashinda hao wazee. Dereva alipe mara moja, alale mwaka mzima. Wewe umesomea tarakilishi, niandikie programu."

Nikamwambia, "Mjomba, nipe wiki mbili." Nilidhani nitazitumia kuandika msimbo. Badala yake nilizitumia kusoma historia, kwa sababu kila nilipoanza kuchora hifadhidata nilikwama kwenye swali moja: je, kadi hii itamfaa nani? Dereva atafaidika lini, na mwenye yadi lini? Huwezi kuandika programu ya kitu ambacho hujui kinamfaa nani. (Kusema kweli unaweza, na nimewahi kulipwa kwa kufanya hivyo, lakini huyu ni mjomba.)

Tuanze na hao wazee wa Marekani kwani wao ndio walioleta maneno. Mwaka 1962 kulikuwa na maonyesho makubwa ya dunia mjini Seattle, na magari ya watalii yalipita kwa wingi katika mji wa Billings, jimbo la Montana. Mfanyabiashara mmoja wa hapo, Dave Drum, alikuwa na ardhi kando ya mto Yellowstone. Akaweka maji, bafu na duka, akaanza kutoza kila gari kwa usiku. Hiyo ikawa KOA, kampuni kubwa ya kambi hadi leo. Angalia mtindo wake: unakuja, unalipa, unalala, unaondoka. Miaka saba baadaye, 1969, Milton Kuolt akaanzisha Thousand Trails huko Chehalis, jimbo la Washington, kwa mtindo mwingine kabisa. Huyu aliuza uanachama. Unatoa fedha nyingi mwanzoni, unaongeza ada ya kila mwaka, halafu hulipii usiku. (Kuolt huyo huyo ndiye aliyekuja kuanzisha shirika la ndege la Horizon Air mwaka 1981. Watu wengine hawatulii.) Mwaka 1992 ikaja Passport America, yenye mtindo wa tatu: ada ndogo ya mwaka, nawe unalala kwa nusu bei kwenye kambi zilizo ndani ya mpango.

Kwa hiyo kuna kulipa kwa usiku, kununua mlango, na kununua punguzo. Hesabu yake si ngumu. Tuseme usiku ni shilingi 300 na kadi ya mwezi ni shilingi 3,000. Ukilala usiku kumi, kadi imejilipa. Ukilala tisa, umemzawadia mwenye kambi shilingi 300. Mtoto wa darasa la sita atakupigia hesabu hiyo. Asichoweza kukuambia, yeye wala mwingine, ni utalala usiku mangapi.

Hapo wenzangu wa sayansi ya tarakilishi watatabasamu, maana tatizo hili tulifundishwa darasani kwa jina la kukodi skii, zile mbao za kutelezea kwenye theluji. Mimi sijawahi kuona theluji, kwa hiyo nitalihamishia Busia. Umefika mpakani kuendesha baiskeli ya boda boda. Unaweza kukodi baiskeli kwa siku au kununua yako. Hujui kazi itadumu siku tatu au miaka mitatu. Ufanye nini? Jibu: endelea kukodi mpaka jumla ya kodi uliyolipa ilingane na bei ya baiskeli, kisha nunua. Ukifanya hivyo, hata siku za mbele zikuchezee vipi, hutalipa zaidi ya mara mbili ya yule ambaye angejua mambo ya kesho. Na imethibitishwa kwamba hakuna kanuni isiyo ya kurusha sarafu inayoweza kukuhakikishia zaidi ya hapo. Mwaka 2001 Rudolf Fleischer aliandika juu ya kadi zenye tarehe ya kuisha, akitumia mfano wa kadi ya punguzo ya reli ya Ujerumani iliyoanza 1992. Kwa kadi ya nusu bei, ile mara mbili inashuka hadi mara moja na nusu. Kwa maneno mengine, kadi ya Passport America inamhatarisha mteja kidogo kuliko kadi ya Thousand Trails. Sikutarajia kukuta nadharia ya algoriti ikiwahusu wastaafu wa Marekani, lakini ndivyo ilivyo.

Haya, sasa turudi kwetu, maana hapa ndipo nilipojifunza kitu.

Kwetu watu walianza kuishi barabarani kabla ya magurudumu. Katika karne ya 19 misafara ya biashara ilitoka pwani na watu mamia, ikakaa njiani miezi. Kila ilipoingia nchi ya mtu ilitoa hongo. Leo neno hilo lina harufu ya ofisini na bahasha, lakini zamani hongo ilikuwa ada ya wazi ya kupita, kulala na kuchota maji. Ilitolewa kwa nguo za merikani (ndiyo, jina linatokana na nguo zilizotoka Marekani), ushanga na waya. Wagogo katikati ya Tanzania ya leo walijulikana sana kwa kutoza, na walikuwa na haki yao, kwani nchi yao ni kavu na msafara wa watu mia tano hunywa maji si mchezo. Huo ni mtindo wa Dave Drum: lipa, lala, nenda.

Lakini palikuwa na mtindo mwingine. Mfanyabiashara aliyetaka kupita njia hiyo hiyo mwaka baada ya mwaka alifanya undugu wa kuchanjiana na mwenye nchi. Wanachanjwa, wanaonjeshana damu, na kuanzia siku hiyo yeye si mgeni tena. Ni uanachama wa maisha. Gharama yake ni kubwa mara moja, kisha mlango u wazi, na ukipatwa na shida ndugu yako anawajibika. Watu wa misafara walijua hesabu ya Kuolt miaka mia moja kabla yake, tena bila fomu.

Njia ya kaskazini kuelekea Uganda ilipita kwetu, au karibu na kwetu. Kituo kikubwa kilikuwa Kwa Sundu, yaani Mumias ya leo. Joseph Thomson alifika hapo mwaka 1883. Askofu James Hannington akafika 1885, akaacha sehemu ya watu wake hapo, akaendelea na wachache. Aliuawa Busoga mwishoni mwa Oktoba mwaka huo, kwa amri ya Kabaka Mwanga, ambaye watu wake waliwahofia wageni wanaoingia kwa upande wa mashariki. Nimekitafakari sana kisa hicho. Hannington alikuwa amepita nchi nyingi salama, akafika kwenye lango la mwisho ambalo alichonacho mkononi hakikuhesabika. Uanachama una mpaka wake.

Kisha ikaja barabara. Kampuni ya William Mackinnon ilianza mwaka 1890 kutengeneza njia ya mikokoteni ya ng'ombe kutoka pwani, na kuanzia 1895 Kapteni Sclater akaiendeleza kutoka Kibwezi hadi ziwa Victoria, ikaishia katika eneo ambalo leo ni kaunti ya Busia. Watu wengi wa kwetu hawajui kwamba barabara kuu ya kwanza ya gurudumu kutoka Mombasa iliishia kwetu na wala si Nairobi, ambayo wakati huo ilikuwa kinamasi. Reli iliyofika Kisumu mwaka 1901 iliipokonya kazi kabla haijakauka vizuri. Wakati huo hapakuwa na mpaka hapa. Uganda ya Waingereza ilifika mpaka Naivasha. Mwaka 1902 mkoa wake wa mashariki ukahamishiwa upande ambao baadaye uliitwa Kenya, na Wasamia tukajikuta wengine huku wengine kule. Hakuna aliyetuuliza.

Hata hivyo mstari huo haukuwa na uzito kwa mzigo. Forodha za Kenya na Uganda ziliunganishwa mwaka 1917, Tanganyika ikajiunga kikamilifu 1927. Reli nyingine ikapanda Eldoret, ikapita Malaba na Tororo, ikafika Kampala mwaka 1931. Mzigo wa Uganda ulipita Malaba ukiwa ndani ya behewa. Mwenye yadi ya malori mwaka 1950 pale Malaba angekufa njaa.

Kwa wenye magari binafsi kulikuwa na chama. Royal East African Automobile Association ilianzishwa 1919, na ndiyo mama wa AA ya Kenya ya leo. Ulilipa ada ya mwaka ukapata ushauri wa njia na msaada gari likikwama, na kwa muda mrefu gari lilimaanisha Mzungu au tajiri. AA bado ipo, na bado ndiyo inayotoa kitabu kinachoitwa carnet de passages. Hiki ndicho wanachobeba wageni unaowaona Malaba wakiwa na Land Cruiser yenye hema juu ya paa, ndugu zao wale wazee wa Marekani. Kitabu kinadumu mwaka mmoja na kina kurasa 5, 10 au 25. Kila mpaka wanagonga muhuri wa kuingia na wa kutoka, na nyuma yake kuna dhamana ya fedha: gari likibaki nchini, chama kilichotoa kitabu kinalipa ushuru. Yaani ni kuchanjiana kwa njia ya karatasi. Unayeaminika kwenu unaaminika na kwetu, kwa kuwa kuna mtu atakayelipa.

Sasa ndio nafika mwaka uliomtengeneza mjomba wangu, ingawa hakuwa amezaliwa au alikuwa mtoto mchanga (hataki kunipa tarehe). Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika. Shirika la reli la pamoja likagawanywa, kila nchi ikakaa na mabehewa yake na forodha yake. Uganda ilikuwa chini ya Idi Amin, bidhaa zilikuwa adimu, na magendo ya kahawa yalikuwa yamejaza fedha masoko kama Chepkube. Baiskeli za boda boda, ambazo zilianzia hapa kwetu mpakani zikivusha watu na mizigo katika ile nafasi kati ya geti la Kenya na geti la Uganda, ziliishi kwa sababu geti na geti zilikuwa mbali. Jina lenyewe linasema: mpaka hadi mpaka. Kadiri reli ilivyochoka, malori yakashika mzigo. Na lori, tofauti na behewa, lina mtu ndani anayehitaji kula, kuoga na kulala.

Hivyo ndivyo Malaba ikawa kambi. Hakuna aliyeipanga kama Drum alivyopanga uwanja wake wa Billings. Ni foleni iliyokomaa ikawa mji. Hoteli ndogo, nyumba za kulala, baa, wauza chai ya usiku, ajenti wa forodha, vijana wa kubadilisha fedha, wote waliishi kwa zile siku ambazo lori lilisubiri karatasi. Mjomba ananiambia aliwahi kusubiri mpaka betri ya redio ikaisha, akanunua nyingine, nayo ikaisha.

Wakati huo huo kadi za kweli zilikuwa zinatengenezwa, ila hazikuwa za kulala. Mwaka 1986 nchi za eneo la biashara ambalo baadaye likawa COMESA zilitia saini itifaki ya bima ya magari, na mwaka 1987 Kadi ya Njano ikaanza kazi. Zamani lori likiingia Uganda lilinunua bima ya Uganda, likiingia nchi nyingine linanunua tena, kila geti na hongo yake kama Ugogo. Kwa Kadi ya Njano unanunua nyongeza nyumbani kwenu, nayo inakubalika katika nchi zote zilizomo, pamoja na matibabu ya dharura kwa dereva na abiria. Inafaa kiasi kwamba Tanzania ilipojitoa COMESA mwaka 2000, ilibaki kwenye Kadi ya Njano. Chama walikiacha, kadi wakaing'ang'ania. Kama unataka kupima kadi ipi ina thamani, tazama ile ambayo mtu anabaki nayo baada ya kugombana na chama.

Hata viza ya watalii ya Afrika Mashariki iliyoanza 2014 unaweza kuipima hivyo. Dola 100, siku 90, Kenya, Uganda na Rwanda. Wakati ule viza moja moja zilikuwa dola 50 Kenya, 50 Uganda na 30 Rwanda. Mgeni wa nchi zote tatu aliokoa 30. Mgeni wa nchi mbili hakuokoa kitu kwenye bei, ila alipata ruhusa ya kutoka na kurudi.

Na afya. Kuanzia 2006 shirika la North Star Alliance limekuwa likiweka kliniki ndani ya makontena kando ya barabara kuu za Afrika, karibu na mahali malori yanapolala. Kwangu mimi mwandika programu jambo tamu ni kwamba rekodi za mgonjwa zilitengenezwa zimfuate kielektroniki kutoka kliniki moja hadi nyingine, ili aliyeanza dawa nchi moja asianze upya nchi ya pili. Huo ni uanachama usio na ada, na hakuna kadi ya kambi ninayoijua inayoushinda.

Halafu ikaja miaka ya foleni kufupishwa. Jumuiya ilikuwa imefufuliwa: mkataba 1999, umoja wa forodha 2005. Mwaka 2014 Himaya Moja ya Forodha ikaanza kufanya kazi kweli, mzigo wa Uganda ukawa unalipiwa ushuru kabla haujatoka Mombasa. Viongozi walipenda kutaja kwamba safari ya mzigo Mombasa hadi Kampala ilishuka kutoka siku 18 hadi 4. Mwaka 2017 ukaja mfumo wa pamoja wa kufuatilia mizigo, ile kufuli ya kielektroniki inayotuma ishara mpaka kituo cha usimamizi, na lori likikawia mahali au kuacha njia kengele inalia ofisini. Februari 2018 marais Kenyatta na Museveni wakafungua rasmi kituo cha pamoja cha Busia, ambapo unasimama mara moja badala ya mara mbili.

Hebu irudie ile hesabu ya kadi kwa mfano wangu wa shilingi 3,000. Dereva anayefika Malaba mara nne kwa mwezi na kusubiri siku tatu kila mara, ana usiku kumi na mbili. Kadi imelipa. Dereva yule yule akisubiri usiku mmoja tu, ana usiku minne, na kadi ni hasara tupu. Hajabadilika yeye, haijabadilika yadi. Imebadilika seva ya forodha. Thamani yote ya kadi ya mjomba ilikuwa mikononi mwa watu wasiojua kwamba yadi ipo.

Ningeishia hapo ningemwambia mjomba kwamba foleni imekufa, aache. Lakini kuna 2020, na kuna Januari 2022. Mwaka 2020 vipimo vya korona viliwarundika madereva mpakani, foleni ikawa makumi ya kilomita. Januari 2022 Uganda ikalazimisha kila dereva apimwe kwa dola 30, madereva wakagoma, foleni ikarudi Malaba na Busia, na petroli ikapanda bei vibaya ndani ya Uganda mpaka sharti hilo likaondolewa. Mjomba alikuwa ndani ya foleni hiyo. Alilala kwenye kabini siku nyingi, na tanboi wake akawa anatembea kilomita kutafuta maji.

Hapo ndipo nilipoona hitilafu kubwa ya kadi, na ni hitilafu ambayo wenye mitandao wanaijua. Kampuni ya intaneti huuza kasi kubwa kuliko waya ilionao, kwa kutegemea kwamba wateja hawatapakua wote kwa wakati mmoja. Kambi za uanachama za Marekani hufanya hivyo hivyo: wanachama ni wengi kuliko nafasi, lakini mmoja yuko Florida, mwingine yuko kwa wajukuu, mwingine gari liko gereji. Kila mmoja ana ratiba yake. Pale Malaba ratiba ni moja! Mpaka ukiwa mzuri hakuna anayelala. Mpaka ukikwama wanalala wote, usiku huo huo. Ukiuza kadi 300 kwa yadi ya malori 60, kadi zako 240 ni karatasi siku ile ile ambayo wenyewe wanazihitaji. Hebu mfikirie mjomba wangu langoni siku hiyo, na jina lake ndilo lililo kwenye kibao.

Nilirudi Sigalame nikiwa na jibu, au nilidhani. Nikamweleza chini ya mwembe, na chai. Hakuna kadi ya mwaka. Dereva alipe kwa usiku, kwa M-Pesa, programu inahesabu. Akifika usiku kumi ndani ya mwezi, unaobaki ni bure. Ni ile kanuni ya kukodi baiskeli, ila yadi inamfanyia dereva hesabu badala ya kumwachia acheze kamari. Kadi ya Oyster ya mabasi na treni za London imekuwa na kikomo cha namna hiyo tangu 2005. Nilijivunia sana.

Mjomba akanywa chai taratibu. "Na 2022?"

"2022 imefanyaje, mjomba?"

"Foleni ikikaa wiki mbili, siku ya kumi na moja yadi yote inalala bure. Maji nanunua, mlinzi namlipa, dizeli ya jenereta naweka. Nani analipa?"

Nilinyamaza. Digrii yangu pia ilinyamaza. Nilikuwa nimemkinga mteja dhidi ya foleni kwa kuihamishia foleni hiyo kwenye mfuko wa mjomba.

Tukakaa mpaka giza tukilivunja na kulijenga. Mwishowe yeye ndiye aliyesema, "Usihesabu usiku. Hesabu mara alizokuja." Akija mara tisa, mara ya kumi usiku wa kwanza ni wa mwenye nyumba. Foleni ikikaa wiki mbili, hiyo ni mara moja tu. Na atakayekuja mara nyingi wakati mpaka ni mwepesi, wakati ambapo yadi ina nafasi tupu, ndiye anayepata zawadi. Nimeandika programu hiyo, na si kubwa: jedwali la namba za magari, jedwali la kuingia na kutoka, na kihesabio. Sehemu iliyonisumbua ni tanboi, kwani gari lile lile huja na dereva mwingine. Zawadi ni ya nani? Mjomba alisema ya dereva, kwa kuwa gari halilali.

Limebaki swali la kiwanja, na hilo ndilo linalonikosesha usingizi kuliko programu. Reli ya kisasa ilifika Nairobi 2017 na eneo la Naivasha 2019, kutoka huko mzigo unapanda reli ya zamani mpaka Malaba. Mpango wa kuifikisha hiyo mpya mpakani umetangazwa mara nyingi. Uganda nayo ilitia saini mkataba na kampuni ya Yapı Merkezi ya Uturuki mwezi Oktoba 2024 wa kujenga reli ya kisasa ya kilomita 272 kati ya Malaba na Kampala. Mzigo ukirudi kwenye behewa, Malaba itakuwa tena ile ya 1950. Au itakuwa bandari kavu yenye malori mengi zaidi, ya kubeba kutoka stesheni. Nimesoma pande zote mbili na sina jibu la kumpa mtu anayetaka kuweka akiba ya miaka ishirini.

Nilimwambia hivyo hivyo kwa simu wiki iliyopita. Nilitarajia atanuna. Akacheka, akasema kiwanja hakununua. Amemshawishi mwenyewe amkodishie miaka miwili, kwa makubaliano kwamba kodi atakayokuwa amelipa itapunguzwa kwenye bei iwapo atanunua. Nikamuuliza nani alimfundisha hivyo.

"Nifundishwe na nani? Lete programu, mafundi wa ua wanakuja Jumatatu."